Tangu Viti Vipewe Namba

9 Februari

Kwako Kufuli, mdogo wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata bahasha hujaifungua. Huku tunapumua. Kijana wangu fundi bomba anaziba mabomba ya mji mzima, la kwetu linavuja mwezi wa pili. Mke wake ana mimba ya miezi mitano na amenuna kama aliyeletewa mimba kwa posta. Jirani mpiga pasi kaachika tena, na mume ni yule yule, nitakusimulia chini kama karatasi itabaki.

Kijana ananicheka. "Mama, siku hizi nani anaandika barua? Si upige simu." Nikamwambia, mama yako mdogo huyo ukimpigia anasema "mm," anasema "haya dada," kimya. Marehemu mama hakukosea alipotubatiza, mimi Redio, wewe Kufuli. Kwenye karatasi angalau Kufuli analazimika kujaza mistari.

Sasa kaa vizuri. Sinema yetu imepata meneja mpya. Shati limembana kama ganda la ndizi, na mkononi ana karatasi ambayo sijawahi kuona ameiweka chini, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Huyo ndiye kaja na viti vya namba.

Unajua miaka kumi na tisa niliyokaa pale mlangoni kazi yangu ilikuwaje. Mtu akinunua tiketi amenunua kuingia. Kukaa ni miguu yake na mdomo wangu. Nachana tiketi, namtazama mtu usoni, najua pa kumweka. Mwalimu wa hesabu mstaafu, yule mwenye goti bovu, namweka ukingoni mwa njia anyooshe mguu. Wachumba nyuma. Mwenye kikohozi karibu na mlango. Mke wa mwenye bucha kushoto, mama wa saluni kulia kabisa, kwa sababu hao wawili tangu mambo ya lile wigi hawasalimiani, na katikati yao napanga watu wanene. Ndivyo ukumbi unavyotulia, mdogo wangu. Watu wanadhani ni filamu inayowatuliza.

Sasa kila kiti kina namba na kila safu ina herufi, iko kwenye kibati ubavuni mwa kiti cha mwanzo, kibati chenyewe kidogo kama ukucha. Tiketi inatoka mashineni imeandikwa yote. Mimi nimepewa tochi. Nisome, nimpeleke mtu kwenye kiti chake, basi, mdomo wangu hauhitajiki. Meneja anasema ndiyo haki, aliyewahi apate kiti kizuri, watu wasisukumane mlangoni, wasiwekeane viti kwa mikoba. Haya. Jumamosi ya kwanza mashine kwa haki yake ikamweka mke wa bucha na mama wa saluni bega kwa bega.

"Ondoa kiwiko chako," anasema mke wa bucha.

"Kiwiko changu kina namba," anasema mama wa saluni. "Kaulize mlangoni."

"Nikuulizie na wigi lako kama lina namba?"

Filamu haikusikika. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi.

Hapo nikakukumbuka wewe. Unakumbuka ukumbi wa shule, walipokuwa wakileta sinema ya bure? Wewe lazima uchelewe, maana hutoki mpaka vyombo vyote uvioshe uvipange. Mimi natangulia, nalala kwenye benchi, kichwa kwangu miguu kwako. Wakinikalisha kwa nguvu navua kiatu nakiweka mahali pako. "Hapa pana mtu!" "Yuko wapi?" "Hicho kiatu hukioni?" Siku ile kiatu kikaibwa nikarudi nyumbani na kimoja, mama akanichapa mimi, ukalia wewe. Siku hizi kiatu hakimwekei mtu kiti.

Goti langu lina kidonda, si kitu, nimejigonga ngazini. Ngazi za ukumbi wamezipaka rangi nyeusi sijui kwa akili gani. Karatasi imeisha. Mpiga pasi atangoja.

Dada yako,
Redio


3 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile, nakagua mishono. Mashati mia nne kwa siku yanapita mbele yangu, natafuta uzi uliokatika. Anayepitisha makosa matatu kwa siku anatolewa mezani. Mtoto wa mama mdogo yuko meza ya tatu kutoka kwangu, anakusalimu. Anasema barua unazomwandikia zina habari kuliko gazeti, anazisoma zote na wenzake chakula cha mchana.

Nimecheka sana habari ya kiwiko. Kiatu nakikumbuka.

Dada, hizo ngazi zilipakwa rangi lini? Na goti limepona? Halafu naomba unijibu jambo lingine. Jioni ukitazama taa, unaona duara la rangi limeizunguka? Nauliza tu. Usimwandikie mtoto wa mama mdogo kwamba nimeuliza.

Msalimie mkamwana wako.

Mdogo wako


20 Machi

Kufuli wangu,

Yaani nangoja wiki tatu kwa barua ya viganja viwili! Watu hapa hawaamini kama tumelala tumbo moja.

Mkamwana anazidi kutanuka. Bomba limezibwa, sasa linavuja upande wa pili. Mpiga pasi karudiana na mume wake juzi, kwa hiyo ile hadithi niliyokuwekea imechacha, nitakutafutia nyingine.

Umeniuliza habari za duara kwenye taa. Huko kiwandani mnakunywa nini? Taa ni taa. Mimi macho yangu ya mwewe, mbea mwenzangu namtambua toka kona ya soko. Ngazi zimepakwa rangi, nimekwambia, lini sijui, kaulize waliozipaka.

Lakini nina habari nyingine, na hii ilianza kwa kuchekesha tu. Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Taa zimeshazimwa nusu, watu wanamiminika, kila mmoja ananinyooshea tiketi. Mimi natumia akili yangu. Nani ataanza kuinama kila safu kutafuta kibati? Nahesabu kwa mkono, nagusa migongo ya viti, A, B, C, twende. Mpaka safu ya H kila mtu kakaa raha mustarehe. Kutoka hapo kwenda nyuma, vita.

"Mama, tiketi yangu ni J, hapa ni K."

"Hapa ni J. Mimi ndiye ninayefanya kazi hapa, au wewe?"

"Mama, huku pana watu tayari!"

"Waambie wahame!"

Watu sitini wamesimama, filamu imeanza, vichwa vyao vinaonekana vyeusi juu ya uso wa bwana harusi wa kwenye filamu. Wa mbele wanapiga miluzi. Meneja akaja mbio na karatasi yake. Kumbe safu ya I haipo! Kutoka H wanaruka J, eti I inafanana na moja, wateja wasije wakachanganyikiwa. Basi mie nikawachanganya wote, safu nzima nzima, kila mtu kakaa kwenye kiti cha mwenziwe.

Katika kuwahamisha nikamshika mkono mwalimu mstaafu nimteremshe safu moja. Ngazi niliikosa mimi, aliyeanguka ni yeye. Nililisikia goti lake, Kufuli. Pale chini akaniambia polepole, kama anafundisha, "Miaka yote umenikalisha vizuri." Hilo tu. Afadhali angenitukana.

Yuko kwake, mguu wamemfunga. Nimempelekea chai kwenye chupa mara mbili, ananiuliza filamu iliishaje, mimi sikuiona. Meneja kaandika kitu kwenye karatasi.

Ni hizo herufi tu, mdogo wangu. Mtu aliyeishia darasa la tatu unampaje alfabeti gizani.

Redio


2 Aprili

Dada, shikamoo. Poleni wote. Mwalimu mpe pole yangu.

Nakujibu siku ile ile niliyopata barua, unajua kwamba si kawaida yangu.

Kwa nini unahesabu kwa mkono? Vibati vina herufi na wewe una tochi. Darasa la tatu linatosha kusoma herufi moja. Mimi nimejifunza kusoma kwako, kwenye pakiti za sabuni, kabla sijaandikishwa shule.

Kazi yangu ni kuona mshono ulipopinda. Barua yako ya Februari mistari imekaa sawa. Hii ya Machi kila mstari unaanza mbali zaidi na ukingo wa kushoto, mpaka chini ya ukurasa nusu nzima ya kushoto ni tupu. Na mahali pawili umeandika mstari juu ya mstari.

Mama alianza hivyo hivyo. Akigonga kitu anasema nani kahamisha meza. Sisi tukacheka. Mwishowe akawa anakaa mlangoni anatutambua kwa miguu, na tukacheka hata hapo, tukawa tunabadilishana viatu kumdanganya.

Nenda kliniki ya macho. Usiwaambie unataka miwani, watakupa miwani utarudi nyumbani. Waambie wakupime presha ya jicho. Si presha ya damu, ya jicho. Sema neno hilo hilo. Tafadhali dada, nenda wiki hii.

Mdogo wako


17 Mei

Kwa Daktari Mkuu,

Barua yako ilifika zamani, nilikuwa na shughuli. Mkamwana yuko mbioni kujifungua, miguu imevimba, hataki mtu amguse. Fundi bomba kakosana na tajiri wake. Mwalimu anatembea na mkongojo. Mimi mzima, nashukuru kwa kuniuliza, ingawa hukuniuliza, ulinipa amri.

Kazi inakwenda. Nimetengeneza mpango wangu. Chini ya mkono wa kila kiti cha mwanzo nimefunga kamba yenye mafundo, fundo moja A, mafundo mawili B, na baada ya H nimeruka, nimejifunza. Nikipitisha vidole najua niko wapi, hata nikifumba macho. Herufi za tiketi ananisaidia msichana wa dirishani. Anaandika upya nyuma ya tiketi kwa kalamu nene, herufi kama za duka. Anadhani nimesahau miwani. Sina miwani, lakini hajui.

Meneja kaniita. Anasema Jumamosi ya tarehe moja Juni anasimama na saa, watu mia mbili wawe wamekaa ndani ya dakika ishirini, kila mmoja kwenye namba yake, bila mashine ya kupiga kelele, maana yake mimi. Asiyeweza akapumzike nyumbani. Anasema "kupumzika" kwa sauti nzuri sana, utadhani ananipa zawadi.

Sasa nikienda huko kliniki wakaniandikia karatasi, karatasi itafika kwa nani? Kwa huyo huyo. Kwa hiyo usiniambie wiki hii wala wiki ijayo. Mafundo yangu yananitosha.

Duara lipo. Haya, nimekwambia. Lipo tangu mwaka juzi, kila taa, na rangi zake nzuri, mimi nilidhani ni balbu za siku hizi.

Ila na mimi nina swali. Wewe Kufuli, mtu ambaye hata homa yako tunaisikia ikishapona, presha ya jicho umeijua wapi? Habari ya duara nani kakupa? Usiseme mama, mama hakuwahi kupelekwa kwa daktari yeyote. Mtu haelekezi njia ambayo hajapita. Umepita lini?

Redio


28 Mei

Dada, shikamoo.

Nimepita mwaka juzi, mwezi wa nane.

Kiwandani walileta watu wa kupima macho. Mimi wakaniweka pembeni wakanipeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya jicho, inaua macho kutoka pembeni kuja katikati, haiumi, na kilichokwenda hakirudi. Lakini kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Natia asubuhi na jioni. Chupa naificha kwenye kopo la nyuzi, natilia chooni. Nilimwomba daktari asiwaandikie kiwandani, akakubali. Macho yangu yako salama, sijapoteza kitu.

Alipokuwa ananiandikia dawa akaniuliza, "Una ndugu?" Nikasema ninaye dada mmoja. Akasema, "Hii inatembea kwenye familia. Mwambie akapimwe mwezi huu huu." Nikaitikia ndiyo.

Nilianza kukuandikia mara tatu. Ya kwanza nilifika mpaka kwenye bahasha. Kisha nikafikiri, nikimwambia dada asubuhi, mchana atamwandikia mtoto wa mama mdogo, na mtoto wa mama mdogo ataisoma kwa sauti na meza nzima. Msimamizi angenitoa jioni ile ile. Nani anataka mkaguzi mwenye ugonjwa wa macho? Nikasema nitakwambia ukija. Hukuja. Nikasema nitakwambia nikija. Sikuja.

Wewe uliponiandikia habari ya mpiga pasi, habari zake za chumbani, na mimi simjui hata sura, nilikuwa najisemea, na mimi siku moja nitakuwa hivi kwenye barua ya mtu mwingine.

Si kisingizio. Nilijua, dada. Karibu miaka miwili nilijua.

Nenda kabla ya hiyo Jumamosi.

Mdogo wako


30 Juni

Dada, shikamoo.

Sijapata barua. Kijana ameniambia kwenye simu kwamba mkamwana amejifungua mtoto wa kike salama. Hongereni. Nilimwomba akupe simu, akasema umetoka. Nikasikia mtu anakohoa karibu naye, na kikohozi hicho nakijua.

Jumamosi ilikuwaje?

Mdogo wako


11 Agosti

Dada,

Hata kama ni kunitukana, andika.

Kufuli


15 Septemba

Kufuli,

Marahaba zote mbili kwa pamoja.

Usishangae maandishi. Fundi wa mitambo wa pale sinema kanikatia kadi ngumu yenye matundu marefu, naiweka juu ya karatasi, naandika ndani ya tundu, nasogeza. Kalamu ni ile nene ya dirishani. Mistari sita kwa ukurasa, nimemaliza daftari zima la mjukuu ambaye hajaanza hata kutambaa. Kila sentensi inanichukua muda wa kupika chai. Sasa najua kwa nini watu wengine wanaandika barua fupi.

Salamu kwanza. Mtoto ana miezi mitatu, mapafu amerithi kwangu, akilia mtaa unasimama. Sura yake naipata vipande vipande, leo pua, kesho sikio, naviunganisha mwenyewe. Wanasema kafanana na wewe. Nikawauliza, kafanana vipi, si huyu anasema? Mkamwana kaacha kununa. Bomba linavuja, fundi wake hatarajiwi.

Sasa Jumamosi yangu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma nje juani, neno moja moja. Kliniki sikwenda. Jumamosi nikasimama mlangoni na vidole vyangu. Meneja kasimama na saa yake. Na kumbe asubuhi walikuwa wamesafisha viti, wakakuta kamba chini ya mikono ya viti, wakazikata wakatupa, wakidhani ni uchafu.

Niliingia na watu ishirini nyuma yangu, napitisha mkono, hakuna fundo. Kiti cha pili, hakuna. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ananipa tiketi. "Kiti changu kipi, mama?" Nikageuza tiketi nyuma, msichana hakuwahi kuiandika, watu walikuwa wengi. Nikamulika tochi. Nikaona mwanga tu na rangi zake nzuri.

Nikasema, "Sioni."

Nilidhani nimesema polepole. Ukumbi wote ulisikia. Miaka kumi na tisa mle ndani nimesema ya kila mtu, nani kaoa, nani kafilisika, nani kavaa nguo ya dada yake. Hilo moja nilikuwa sijawahi kulisema hata kwa paka. Hakuna aliyecheka. Hata meneja alishusha karatasi. Mke wa bucha ndiye aliyeinuka akanishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake chenye namba, yeye akasimama mpaka filamu ikaisha.

Jumatatu nilikwenda kliniki, nikasema neno lako. Jicho la kushoto limekufa, Kufuli. Hakuna cha kufanya. La kulia natazama kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kilicho mbele nakiona, cha pembeni sina habari nacho. Matone yanalinda hilo tundu. Chupa yangu iko juu ya meza ya sebuleni, kila mgeni anaiona na kila mgeni anasimuliwa. Daktari aliniuliza lilianza lini. Nikamwambia mwaka juzi. Akasema, "Ungekuja mwaka juzi."

Ndiyo maana hukupata barua. Nilikuwa na maneno, tena mengi, ila yote yalikuwa mabaya. Nilikaa nayo. Nilikuwa nikikohoa kijana anapopokea simu, ndiyo, ni mimi.

Sijakusamehe. Nakwambia wazi maana mimi si wa kuficha. Asubuhi nikitia dawa jicho moja tu, la pili nalipita, kila siku nakukumbuka vibaya pale pale.

Lakini sikiliza. Mwezi wa saba mtoto wa mama mdogo alikuja likizo. Alikaa sebuleni kwangu toka saa nne mpaka jua linazama. Kaiona chupa yangu. "Maskini, dada! Ugonjwa wa mama mkubwa huo. Na mwenzio kule hana dalili? Maana namwona anakwenda sana chooni." Akanitazama na shingo ndefu kama bata. Mdogo wangu, nilikuwa nalo ulimini. Nilikuwa na hasira na wewe na nilikuwa na habari mpya, na vitu hivyo viwili kwa mtu kama mimi ni kiberiti na petroli. Nikamwambia, "Huyo? Tumbo lake bovu tangu utotoni." Nikamsimulia tumbo lako mpaka akachoka. Samahani, kiwandani sasa unajulikana kwa kuharisha.

Msichana wa dirishani alitaka aniandikie barua hii, ingekwisha kwa nusu saa. Nikakataa. Nikamwambia ina siri ya mtu. Akacheka, akadhani namtania.

Basi mlangoni nimeondolewa, mlango una kijimashine kinachosoma tiketi. Siku zote isipokuwa Jumanne. Jumanne mchana wanakuja wale wale, mwalimu na mkongojo wake, mke wa bucha, mama wa saluni, na wazee kama kumi. Wiki ya kwanza nilipokosekana waligoma. Walisimama mlangoni na tiketi zao, hawakai. Meneja akawaambia namba hizo hapo. Mwalimu akamwambia, "Namba nimefundisha miaka thelathini na sita, sihitaji kuzikalia." Meneja kaangalia karatasi yake, Jumanne viti mia mbili watu kumi na watatu, akasema haya, Jumanne kila mtu akae atakapo. Kwa hiyo Jumanne nakwenda. Siwaoni, nawatambua kwa miguu. Mwalimu hatua mbili na mkongojo. Mke wa bucha anaburuza kisigino. Nawapanga kama zamani, wanene katikati. Siku sita nyingine nakaa nyumbani, nasikia mtaa, na ni ndefu, sitakudanganya.

Mama tulimbadilishia viatu. Nimelifikiria sana hilo.

Unayo likizo mwezi wa kumi, mtoto wa mama mdogo kasema. Njoo Jumanne ya kwanza. Ukija tutagombana, jiandae, nimeweka maneno ya miezi mitatu. Lakini kwanza tutatazama filamu, wewe utaniambia kinachotokea pembeni.

Usipite dirishani kuuliza kiti. Kiti chako ni kile nitakachovulia kiatu, nitakivua mapema maana najua utachelewa. Ila usichelewe sana, sakafu ya pale ni baridi na mimi si mtoto tena.

Njoo na viatu vyako mwenyewe.

Redio